Kuku wa Anti Risper na Usingizi wa Baba Cherono

Tulipomzika Baba Cherono kule nyumbani kwao Silibwet mwezi wa nane uliopita, mwendesha shughuli alinipa maikrofoni akaniuliza, mbele ya watu waliojaza mahema matatu, mimi nilikuwa nani kwa marehemu. Kabla yangu walikuwa wamesema watoto wake, mashemeji, mchungaji, na wazee wawili waliofanya naye kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Mimi sikuwa ndugu. Sikuwa hata mtu wa kabila lake, na jina langu, Atieno, lilipotajwa niliona vichwa kadhaa vikigeuka. Nikasema, "Mimi nilikuwa jirani yake Roret. Kuku wetu walimnyima usingizi karibu mwaka mzima, na hakuwahi kunitukana." Watu wakacheka, kile kicheko cha matanga kinachowapa watu nafasi ya kupumua. Mjane wake, Mama Cherono, aliyekuwa mstari wa mbele na shali mabegani, akainua uso akanitazama kana kwamba ananiambia nisiishie hapo, niwaambie yote. Sikuwaambia yote. Mvua ilikuwa inakuja, kama inavyokuja upande ule kila alasiri, na mchungaji alishaanza kuangalia saa. Basi nayasema hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini. Habari za nilikotoka na kilichonitoa huko sitazieleza. Tulioacha ziwa tukapanda kwenye majani chai tuko wengi, na habari zetu zinafanana. Nilifika Roret na begi moja, nikapokelewa na Anti Risper, fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani yake kwenye veranda ya duka moja sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na jiko la nje lililoezekwa kwa mabati yaliyokwisha kuwa meusi kwa moshi. Sebuleni kulikuwa na viti vinne, kila kimoja kimevishwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, na ole wako ukikalia kitambaa kikateleza. Jikoni ndiko tulikoishi hasa. Asubuhi chai ya maziwa, jioni ugali na mboga, na kila Ijumaa omena, dagaa wa ziwani, aliokaanga mpaka harufu ikavuka ua na kuingia kwa majirani bila hodi. Anti mwenyewe alikuwa na sauti. Alikuwa akiita mtu aliye stendi kutoka kwenye cherehani yake, na mtu anageuka. Siku ya pili baada ya mimi kufika alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kibanda cha mbao na waya kilichoegemea ua wa miti ya misipresi, ndani yake kuku kumi na wawili wekundu wa mayai. "Hawa sasa ni watoto wako," akasema. "Mimi natoka asubuhi, narudi jioni. Wakifa, ni wewe. Wakitaga, ni sisi."

Kiswahili kinasema kuku akitaga anatetea. Nililijua neno hilo kutoka shuleni, lakini sikujua maana yake mpaka asubuhi ile ya kwanza. Mmoja alianza saa tatu hivi: ko, ko, ko, kisha ile ya juu inayopasua hewa, kisha tena. Wa pili akadakia, halafu wa tatu, hata wale ambao hawakuwa wametaga kitu. Chini ya paa la mabati sauti ile ilizunguka na kuongezeka kama watu wanaogombana ndani ya tangi. Kulikuwa na mmoja mnene mwenye kishungi kilichoinama upande, mkali kuliko wote; nilimwita Mwalimu. Ikipita nusu saa walikuwa wakinyamaza, kisha wanaanza upya. Na mara moja kila siku, kabla ya saa nne, walikuwa wakipiga yowe la namna nyingine kabisa, wote kwa pamoja, kwa muda mfupi, kama nyumba inayoungua. Mimi niliona ndivyo kuku walivyo. Niliosha vyombo, nikaimba, nikaendelea na kazi zangu. Leo nikienda kikazi kwa mfugaji, nikamsikia akisema ndivyo kuku walivyo, najua hajawahi kukaa nao.

Upande wa pili wa ua, hatua kama sita kutoka kibandani, kulikuwa na dirisha la chumba alicholala Baba Cherono. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, wa miaka kama arobaini, na kazi yake ilikuwa shifti ya usiku kiwandani, kwenye mashine za kukata majani. Alirudi saa moja na nusu asubuhi akinuka majani mabichi yaliyokatwa, akanywa chai, na saa mbili akalala. Yaani alilala saa moja kabla ya kuku wangu kuanza kutetea. Hakuwahi kusema neno. Tulikuwa tukikutana kwenye njia ya bomba, macho yake mekundu, ananisalimu kwa Kikipsigis, "Chamgei," nami nikaitikia kama alivyonifundisha, naye akaendelea. Nilidhani macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa tanuri za kiwanda.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata nilisikia mlango wetu ukipigwa kwa kiganja. Ilikuwa Mama Cherono. Tangu nije Roret tulikuwa tumesalimiana tu juu ya ua. Nyumbani kwetu hakuwahi kuingia, na Anti hakuwahi kuingia kwake. Anti alisema mama yule anaringa. Baadaye nilikuja kujua kwamba naye alisema hivyohivyo juu ya Anti. Siku ile hakuwa anaringa. Alikuwa analia kwa hasira. "Bwana yangu amekatwa kidole," akasema. "Mashine imekula kidole yake usiku. Unajua ni kwa nini? Ni kuku zenu! Halali! Miezi mingapi mtu halali!" Nilisimama na mwiko mkononi. Anti akatoka chumbani, akasikia, na badala ya kusema pole kwanza akasema, "Kwani kuku ndio wanaendesha mashine?" Hadi leo natamani neno lile lirudi mdomoni mwake. Mama Cherono akamwambia, "Nyinyi watu mmekuja hapa juzi na mnatuonyesha dharau," akageuka akaenda. Anti akakaa kitini, kitambaa kikateleza, na hakukinyoosha.

Kilikuwa kidole cha pete, mkono wa kushoto, kimekatwa sehemu ya juu. Wengine wangesema ni bahati. Lakini kesho yake mzee wa kijiji akaja, akakaa sebuleni kwetu na kofia gotini, na Mama Cherono akasimama mlangoni bila kukubali kiti. Mzee alikuwa mtu wa haki, hakupenda maneno mengi. "Ni kuku ngapi?" akauliza. Anti akasema kumi na wawili. "Na hamuwezi kuwanyamazisha?" Anti akasema kuku si redio. Mzee akaweka chini kikombe chake cha chai, akatamka: wiki mbili. Kelele ikipungua, kila mtu akae kwake kwa amani. Isipopungua, kuku waondoke plotini, wote. Alipotoka, Anti alisema kwa sauti iliyofika barabarani kwamba kuku wake hawaendi popote, na kwamba kama ni kuhama atahama yeye. Nilijua hakuwa anatania. Nilijua pia kwamba siku hizo mtu wa kuja kama sisi akisema atahama mahali kama pale, kuna watu ambao wangemsaidia kubeba mizigo. Jambo la kuku lilikuwa limeacha kuwa la kuku.

Ningependa kusema nilianza kwa busara. Nilianza kwa turubai. Asubuhi iliyofuata, kabla kuku hawajaanza, nilifunika kibanda chote kwa turubai la plastiki nililolikuta ghalani, nikalifunga kwa kamba kila upande, nikifikiri kwamba giza litawadanganya ni usiku. Saa nzima kulikuwa kimya, nikajisifu. Kisha jua likatoka. Nilipokwenda kuangalia walikuwa wamefungua midomo, mabawa yameachana na mwili, wanahema, na mmoja alikuwa amelala ubavu kwenye kona. Nilimtoa, nikamwekea maji kwenye mdomo, nikampepea na kanga yangu. Alikufa mapajani mwangu. Wale wengine, nilipoondoa turubai, walipiga kelele kuliko siku yoyote, na nilisikia dirisha la Baba Cherono likifungwa polepole, bila kubamizwa. Kufungwa kule kwa upole kuliniuma kuliko matusi.

Anti aliporudi nilimwambia ukweli. Nilitarajia sauti ile ya stendi. Alimtazama yule kuku kwenye beseni, akaniambia, "Leta maji ya moto tumnyonyoe." Tukamla na ugali. Katikati ya chakula akasema, bila kuniangalia, "Ulitaka kuwanyamazisha kabla ya kuwauliza wanalilia nini. Hata mimi mama yangu alikuwa ananifanyia hivyo." Nimefanya kazi ya mifugo miaka zaidi ya ishirini, nimehudhuria semina nyingi na kupewa vyeti, na bado sijasikia mafunzo yaliyofupishwa vizuri namna ile.

Mchana wa kesho yake nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko, karibu na ua, niliposikia Baba Cherono ana mgeni. Alikuwa mwenzake wa kazini, mtu wa Kakamega, kwa hivyo walikuwa wakizungumza Kiswahili. Walikuwa wamekaa kwenye benchi upande wao wa misipresi, hawakuniona. "Ulisema uliteleza?" mgeni akauliza. Baba Cherono akajibu, "Nilisema niliteleza. Nikisema nilisinzia, si watanitoa?" Mgeni akaendelea, "Na ukirudi?" Ndipo nikasikia sauti yake ikishuka: "Nikirudi na hii macho, ndugu yangu, siku ingine itakuwa mkono yote. Lakini usiambie mama watoto. Yeye anafikiri ni kidole tu." Nilibaki na sufuria mkononi, maji yakinitiririkia miguuni. Mpaka hapo nilikuwa nimefikiria kuku wa Anti na ploti yetu na heshima yetu. Sasa nilimfikiria mtu amesimama mbele ya meno ya mashine saa kumi alfajiri, akipambana na kope zake mwenyewe. Nilipanguza mikono, nikaingia ndani, nikachukua daftari la shule lililobaki na kurasa nyeupe, nikachukua saa ya ukutani ya Anti kutoka msumarini.

Siku tatu nilikaa kwenye debe lililopinduliwa mbele ya kibanda, kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana, saa imeegemea tofali, daftari gotini. Niliandika kila sauti na kilichotokea kabla yake. Mambo niliyoyaona yalinitia aibu kwa urahisi wake. Kulikuwa na sanduku moja tu la kutagia, na kuku wote walilitaka lile lile. Mmoja aliingia, wengine watatu wakapanga foleni nje wakinung'unika kwa sauti ndefu ya malalamiko, kama wanawake kwenye bomba lenye maji kidogo. Aliyekuwa ndani akitoka anatetea, waliochoka kungoja wanadakia. Kelele nyingi niliyodhani ni ya kutaga ilikuwa ya kungoja. Niliona pia kwamba mimi mwenyewe niliwalisha saa mbili na nusu, baada ya kumaliza kazi za nyumba, na kwamba tangu mwanga wa kwanza walikuwa wakiita chakula. Na wakisha kula, walifungiwa siku nzima kwenye sakafu tupu bila la kufanya isipokuwa kudonoana. Hata mimi ningelia. Nikaanza kuwalisha saa kumi na mbili kamili. Anti akanipatia masanduku matatu ya mbao ya sabuni, nikayaegemeza ukutani, nikayapa mapazia ya gunia ili ndani kuwe na giza kama kuku anavyopenda. Dereva wa lori la mbao aliyekuwa akija kutoka Londiani, mteja wa Anti wa suruali, alituletea magunia mawili ya maranda, nikayamwaga sakafuni wapate kuchakura. Nikaning'iniza kabichi nzima kwa kamba katikati ya kibanda, juu kidogo ya vichwa vyao, na saa nzima walikuwa wakiirukia bila kusema neno.

Foleni ilikwisha. Lakini lile yowe la kabla ya saa nne halikuisha, na sikuweza kuona linatoka wapi. Niliketi pale pale nikikodoa macho, angani hakuna mwewe, mlangoni hakuna mbwa, na ghafla wote wanapiga kelele wakirukia waya. Siku saba zilikuwa zimepita kati ya zile kumi na nne. Nikafanya jambo ambalo msichana mwenye woga asingelifanya, na mimi nilikuwa na woga: nilizunguka ua, nikapiga hodi kwa Mama Cherono na daftari mkononi. Alifungua mlango, akaniangalia kuanzia miguuni. Nikasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msaada wa Baba Cherono. Yeye ndiye anawasikia kuliko sisi wote." Sijui kama nilipanga kusema hivyo, lilitoka tu. Akalitazama daftari. Kisha akaita ndani kwa Kikipsigis, na kutoka chumbani nikasikia mwanamume anacheka.

Walikuwa na sebule kama yetu, viti vimevishwa vitambaa kama vyetu, ila vyao vya rangi ya chungwa, na kwenye kona kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kimefunikwa kwa ngozi. Baba Cherono alitoka na mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko, akakaa, akachukua daftari langu kwa mkono mzima. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. "Huyu unaita Mwalimu," akasema, "ni ule wa sauti nene? Mimi naita Chifu." Mama Cherono akamtazama kama aliyegundua kwamba mumewe ana mke wa pili. "Umewapa majina?" akauliza. "Miezi yote hii mimi nikilala hapo macho wazi," akamjibu, "ningefanya nini?" Alikuwa anawajua wote kwa sauti. Aliniambia kuna mmoja anayeanza kuita kwa upole akitaka kutaga, na kama hakupata nafasi hupandisha sauti mara tatu. Aliniambia nani hujibu nani. Mambo niliyoyatafuta siku tatu kwenye debe, yeye aliyajua akiwa amelala chali. Nikamuuliza juu ya lile yowe. Akafumba macho, na kwa macho yaliyofumbwa akasema, "Kabla ya hiyo, kuna kitu inakwaruza. Mbao. Chini, upande huu wangu. Kidogo tu, halafu wanapiga nduru. Mimi nilifikiri ni wewe unafagia."

Si mimi niliyekuwa nafagia. Tulikwenda pamoja, yeye mbele, mke wake nyuma yetu kwa udadisi aliojaribu kuuficha. Upande wa kibanda uliokuwa umezama ndani ya misipresi, mahali ambapo kutoka kwetu mtu hawezi kuona, ubao wa chini ulikuwa umeliwa ukaacha tundu la kupitisha ngumi, kingo zake laini kwa kupitwapitwa. Baba Cherono akapiga magoti, akalinusa. "Nguchiro," akasema. "Anaingia hapa, anachukua yai, anatoka. Kila siku anakuja saa yake, kama mtu wa shifti." Yai moja kila siku, na sisi tulidhani Mwalimu ametaga kidogo. Mama Cherono akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu yasiyokuwa na moto, "Basi hizi kuku zilikuwa zinaita polisi, na nyinyi mnawaambia wanyamaze." Nikasema ndiyo, mama, ndivyo ilivyokuwa.

Kuziba tundu ingetosha kwa nguchiro, lakini Baba Cherono alisema kuku watatetea tu, hiyo ni haki yao, na dirisha lake litabaki pale pale. Kibanda kilikuwa mahali pabaya. Chini ya ploti yetu, mbali na nyumba zote mbili, ardhi inateremka mpaka kwenye majani chai ya jirani wa chini; sauti huko ingekwenda bondeni. Jumamosi yule mwenzake wa Kakamega akaja na vijana wawili wa kanisani kwetu, wakabeba kibanda kizima, Baba Cherono akiongoza kwa mkono mmoja na kuamuru kwa Kiswahili cha kiwandani: inua, shika, songa, polepole hapo. Tukakiinua juu ya mawe, tukapigilia waya mpya chini, tukakipa mlango upande wa majani ili kuku aliyekwisha kutaga atoke nje na kutangaza huko, asiwatie wenzake wazimu ndani. Tulipomaliza Mama Cherono akatuma uji na mursik kwa wanaume. Kwetu hakuja mwenyewe, lakini alituma pia kikombe kimoja kwa ajili ya Anti.

Nilidhani nimeshinda. Ninachowaambia wafugaji leo, na wengi hawaniamini mpaka waone, ni kwamba kuku aliyehamishwa hulia kwanza. Siku mbili hawakutaga. Walizunguka kibanda wakiita, walikataa masanduku, walilala wamebanana mlangoni. Mwalimu alisimama juu ya paa akapiga kelele kutoka asubuhi hadi adhuhuri, na bonde lile nililolisifu likamrudishia sauti yake mara mbili. Na siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya kumi na nne. Mzee wa kijiji akaja na kofia yake, akasimama katikati ya ploti, akasikiliza. Hakuhitaji kusikiliza sana. Anti alikuwa amerudi mapema kutoka sokoni, mikono kiunoni, na niliona mdomo wake unajiandaa kusema kitu ambacho tungekijutia. Mzee akasema taratibu, "Mama, wiki mbili zimekwisha. Na mimi nasikia tu vile nilisikia." Anti akavuta pumzi.

"Mzee, ngoja kidogo." Ilikuwa sauti ya Baba Cherono. Alikuwa ameruka ua mahali ulipopungua, bado amevaa ndala za kulalia. "Hizi kuku zimehama juzi. Mtu akihama halali vizuri. Wape siku nne. Ni mimi sikuwa nalala, si mwingine, na ni mimi nasema." Mzee akamwangalia, akaangalia mkono wa bandeji, akamwangalia Mama Cherono aliyekuwa ametokea nyuma yake. "Na wewe mama unasemaje? Ni wewe uliniita." Mama Cherono akatazama chini kwenye kibanda, akamtazama Anti. Kisha Anti Risper, ambaye sijawahi kumsikia akiomba radhi mtu yeyote kabla au baada, akasema, "Mama Cherono, siku ile ulikuja kwangu na kidole cha bwana yako, nikakujibu vibaya. Pole. Ningekwambia pole kwanza." Mama Cherono akamwambia mzee, "Siku nne si mingi." Mzee akavaa kofia yake. Nilijifunza siku ile kwamba neno kutetea lina maana zake mbili kwa sababu nzuri.

Siku ya tatu kati ya zile nne, kuku mmoja aliingia kwenye sanduku la katikati, akajifunika na pazia, akataga. Akatoka kwa mlango wa majani, akatetea mara tano au sita akielekea bondeni, akaanza kuchakura. Wenzake wakamfuata kwa zamu. Mwalimu akashuka kutoka paani. Mzee hakurudi kuuliza. Nadhani alipita barabarani akasikia mwenyewe. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa kanisani aliniuliza ninataka kusomea nini, na nikajibu kabla hajamaliza swali. Nimekuwa afisa wa mifugo Bureti, nikahamishiwa Londiani, sasa niko Bomet, na mtu akinipigia simu kwamba kuku wake wanasumbua majirani, simuulizi ni wangapi. Namwambia achukue kiti, akae nao, na akimaliza aende akamuulize jirani.

Baba Cherono alirudi kwenye shifti ya usiku kidole kilipopona, Jumatatu moja ya mwezi wa tano. Jumanne asubuhi nilimwona akipita getini mwao saa moja na nusu. Niliwalisha kuku, nikafua, nikapika. Anti hakwenda sokoni siku hiyo; alisema anashona nyumbani, lakini sindano hakuigusa. Saa tisa na dakika kadhaa nikasikia mtu akikwaruza mlango wa jiko kwa kucha. Ilikuwa Mama Cherono, amesimama juu ya vidole vya miguu, viatu mkononi.

"Bado amelala," akanong'ona. "Tangu saa mbili. Nimeenda mara tatu kuangalia kama anapumua."

"Anapumua?" Anti akauliza, naye kwa kunong'ona, sauti ambayo sikujua anayo.

"Anakoroma."

Anti akamtazama, akasogea kwenye benchi akampa nafasi. "Ingia unywe chai. Polepole na huo mlango." Mama Cherono akaingia jikoni kwetu kwa mara ya kwanza, akakaa, akaviweka viatu chini bila mshindo. Nilifunua sufuria kwa kitambaa isigonge. Nikamimina. Tukanywa, wanawake watatu magoti yamegusana karibu na moto, tukizungumza kwa pumzi tu: jinsi ya kuosha omena mchanga utoke, jinsi Cherono anavyokataa kwenda shule bila soksi, kwaya ya kanisa lao na ya kanisa letu. Ndipo huko chini, kwenye majani, kuku mmoja aliyechelewa akaanza kutetea. Sote watatu tukaganda, vikombe hewani, macho kwenye ukuta. Akatetea mara nne, akanyamaza. Tukasubiri. Na kupitia misipresi, kutoka kwenye lile dirisha, tukasikia mkoromo wa Baba Cherono ukikatika, ukatafuta njia, ukaendelea. Mama Cherono akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Anti akajifunika uso na leso yake. Tulicheka bila sauti, tukishikana mabega, mpaka machozi yakatutoka na chai ikapoa.